Mkono wa Karibu: Usaliti katika Historia na Fasihi ya Nchi ya Meru na Embu

Usaliti ni tendo la mtu kumtoa kwa adui, au kumwacha aangamie, yule aliyekuwa na haki ya kumtegemea. Na uzito wa maana hiyo umo katika sehemu yake ya mwisho, kwa sababu pasipokuwa na imani iliyotangulia hapana usaliti, hata kama pana uongo, wizi au mauaji. Ndiyo maana dhana hii hutofautiana na uhaini, ambao ni kosa la kisheria dhidi ya dola, linalotajwa katika vitabu vya sheria na kuamuliwa na mahakama. Msaliti hahukumiwi na sheria peke yake. Huhukumiwa kwanza na ukoo, na rika, na watu waliokula naye. Serikali huweza kumwita mtu haini ilhali jamii yake inamwona shujaa, na huweza vilevile kumpa nishani mtu ambaye kijiji kizima kinamwona msaliti. Katika nchi inayozunguka miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, yaani Meru, Tharaka, Chuka, Embu na Mbeere, tofauti hiyo ilipimwa kwa damu katika miaka ya 1950, na waandishi waliotoka huko au waliozaliwa karibu na huko hawajaacha kuirudia.

Kabla ya kufika kwenye vitabu, inafaa kutazama simulizi za asili, kwa sababu ndizo zilizochora mpaka kati ya hila na usaliti. Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, mahali palipokuwa karibu na maji makuu ya pwani, walikokuwa chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntuune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao waliwapa masharti yasiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza, kama vile kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, jambo lililotatuliwa kwa kutumia ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, na kufua mkuki mrefu wa kufika mbinguni, jambo lililowashinda. Walipoona hakuna njia, wakatoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe, wakavuka maji, na koo zao zikapata rangi zinazotajwa hadi leo, nyeusi, nyekundu na nyeupe, kulingana na wakati kila kundi lilipovuka. Simulizi hii imejaa udanganyifu, lakini hakuna msimulizi anayeuita usaliti, kwa kuwa Nguo Ntuune hawakuwahi kuaminiana na watu wale. Walikuwa na nguvu juu yao tu. Anayemhadaa mkandamizaji wake hajavunja kitu, kwa maana hapakuwa na agano la kuvunja.

Simulizi ya asili ya Waembu inaelekea upande mwingine. Mwenendega, mtu anayesemekana kuishi pande za Runyenjes, karibu na kilima cha Kirimiri, alimkuta mwanamke aitwaye Nthara penye maji, akataka kumwoa, naye Nthara akakubali kwa sharti kwamba mume asije akamtendea ubaya. Wakawa mke na mume, wakapata watoto na mali, hadi siku ya sherehe ambapo Mwenendega alilisahau sharti hilo, na maafa yakaifunika nyumba yake. Masimulizi hutofautiana katika mengi yanayofuata, ila kiini hakibadiliki: hapa hakuna adui wa nje, hakuna aliyelipwa, hakuna aliyeuza siri. Kuna ahadi moja iliyotolewa katika upendo na kuvunjwa katika kiburi cha neema. Kijisitu kinachohusishwa na Mwenendega kilitunzwa na wenyeji kama mahali patakatifu, na si jambo dogo kwamba jamii imechagua kuweka katika chanzo chake habari ya mume aliyevunja neno lake, pale ambapo ingeweza kuweka ushindi wa vitani.

Simulizi hizo mbili zinaonyesha mpaka wa usaliti, lakini usaliti wenyewe una sura zaidi ya moja. Ipo sura ya agano lililovunjwa, ambayo ni ya nyumbani na haina mnunuzi, na ipo sura ya mtu aliyeuzwa, ambayo daima ina pande tatu: anayeuzwa, anayeuza na anayenunua. Wasomaji wengi, na hata walimu wengi wa fasihi, humkodolea macho yule wa pili na kumsahau wa tatu. Hoja ya makala haya ni kwamba fasihi bora ya usaliti hufanya kinyume, kwani humtumia msaliti kama dirisha la kumwonyesha mtawala ambaye, baada ya kushindwa kumfikia adui yake kwa nguvu zake mwenyewe, hulazimika kuazima mkono ulio karibu.

Historia ya eneo hili inatoa mfano wa wazi wa jinsi mikono ilivyoazimwa. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Wameru na Waembu waliwekwa kundi moja na Wakikuyu, wakafungwa na amri zilezile za kuzuiliwa, kukaguliwa na baadaye kuhamishiwa katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Misitu ya Mlima Kenya ilikuwa na wapiganaji dhidi ya ukoloni waliokula kiapo, ambacho katika jamii hizi si maneno ya mdomo tu bali ni tendo linalomfunga mtu na uhai wake na wa kizazi chake. Serikali ilijibu kwa kuandaa viapo vya kupinga kiapo, ikaunda walinzi wa kijiji ambao wenyeji waliwaita kamatimu, na ikaanza kuwatumia watoa habari waliovishwa magunia yenye matundu mawili ya macho, ambao watu walipitishwa mbele yao mmoja mmoja, nao wakatikisa kichwa kumtambulisha aliyekula kiapo. Njia hiyo ilitumiwa kwa wingi katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, ambao uliwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Gunia lilimficha msaliti, lakini lilificha pia jambo jingine: kila mtu aliyesimama mbele yake alilazimika kujiuliza ni rafiki yupi, shemeji yupi, au mwanarika yupi aliyekuwa ndani, na kwa njia hiyo hofu ilivunja imani hata ya watu ambao hawakusalitiwa na yeyote.

Mambo hayakuwa mepesi kiasi cha kugawanya watu katika mashujaa na wasaliti. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa adhabu hiyo baada ya kukubali kuzungumza na polisi na kuwaandikia barua viongozi waliobaki msituni akiwashawishi wajadiliane na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika kabla ya katikati ya mwaka huo. Je, alisaliti, au alitafuta njia ya kuokoa watu waliokuwa wakifa kwa njaa na mabomu? Baadhi ya wenzake walimhukumu bila kusita, naye alipelekwa kufungwa Lokitaung, alikokuwa Jomo Kenyatta, na baada ya uhuru akapewa wadhifa wa umma. Vilevile polisi chini ya afisa Ian Henderson waliwageuza wapiganaji waliojisalimisha kuwa vikosi bandia vilivyorudi msituni kuwawinda wenzao, na kazi hiyo ndiyo iliyoubana msitu hadi Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Inafaa kukumbuka kwamba Kimathi hakunyongwa kwa uhaini. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sheria ya Hali ya Hatari haikuhitaji kuthibitisha kwamba alikuwa amevunja uaminifu wowote.

Tukio moja la Chuka lastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu linafichua hatima ya mkono ulioazimwa. Mwezi Juni 1953 kikosi cha jeshi la kikoloni, King's African Rifles, kiliingia sehemu za Chuka kuwasaka wapiganaji, na katika siku hizo kikawaua watu wapatao 20 ambao hawakuwa wapiganaji. Kati yao walikuwamo kamatimu, yaani wale wale waliokuwa wamejitokeza upande wa serikali. Afisa aliyehusika, Gerald Griffiths, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mara mbili, na mara ya pili, mwaka 1954, akapatikana na hatia na kufungwa. Kwa wapiganaji wa msituni kamatimu walikuwa wasaliti; kwa askari waliowaua walikuwa Waafrika tu, wasiotofautishwa na adui. Mtu aliyewapa wakubwa wake uaminifu wote na asipewe hata chembe ya imani kwa malipo yake ni mhusika ambaye mwandishi yeyote wa tamthilia angetamani kumbuni, lakini huko Chuka alikuwapo tayari.

Yawezekana kumbukumbu ya aina hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi kutoka Tharaka, Kithaka wa Mberia, aigeukie hadithi ya pwani ambayo Waswahili wenyewe wameisimulia kwa karne nyingi. Hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi aliyeogopwa na mtawala wa Pate, ndiyo kisa kikuu cha usaliti katika fasihi ya Kiswahili, na ilitungwa upya kama utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mtawala anamfunga Liyongo, naye anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi, mkate ambao walinzi waliudharau. Hiyo ni hila ya aina ya Mbwaa, na msikilizaji huifurahia. Kisha mtawala anabadili mbinu. Anamwita mwana wa Liyongo, anamwahidi makuu, na kumtuma akaulize ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake. Baba anajua anachoulizwa na kwa nini anaulizwa, lakini anajibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hapo ndipo usaliti wa Liyongo unapopata uchungu wake wote, kwa kuwa siri haikuibwa bali ilitolewa kwa mtoto na mzazi aliyekuwa akifahamu. Liyongo anakufa akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Katika masimulizi ya nathari yaliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, kijana yule hapati ufalme alioahidiwa. Anakamatwa na kuuawa.

Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru, mshairi na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliichukua hadithi hiyo na kuigeuza tamthilia, *Kifo Kisimani*, iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya kama kitabu cha kutahiniwa. Shujaa wake ni Mwelusi, nchi ni Butangi, na mtawala ni Bokono, mtemi anayeukalia utawala kwa vitisho na kwa kisima ambacho watu hawana budi kukitegemea. Msaliti ni Gege, kijana wa karibu wa Mwelusi, ambaye Bokono anamnasa kwa ahadi ya kumpa bintiye, Alida. Mwandishi hajaipeleka hadithi Tharaka wala hajaiacha Pate. Ameiweka katika nchi ya kubuni ambayo msomaji yeyote aliyepitia utawala wa chama kimoja anaweza kuitambua. Kinachobadilika zaidi ni uzito aliopewa mnunuzi. Katika utendi wa zamani mtawala ni kivuli kinachoanzisha kisa na kutoweka. Katika tamthilia Bokono ana baraza, ana askari, ana wasemaji wa kumsifu, na msomaji anaona jinsi dola nzima inavyofanya kazi ili kumwandaa kijana mmoja kuwa silaha. Gege haonewi huruma nyingi, lakini haonekani pia kama pepo aliyetoka kusikojulikana. Anaonekana kama bidhaa ya utawala ule.

Katika tamthilia yake nyingine, *Natala*, ya mwaka 1997, Kithaka anashughulikia ile sura ya kwanza ya usaliti, ile ya Mwenendega. Mjane anakabiliwa na watu wa ukoo wa mumewe wanaotaka kumrithi yeye pamoja na mali, na wanaotumia lugha ya mila, ambayo kazi yake ilikuwa kumlinda mjane, kama zana ya kumpokonya. Mtu aliyezoea visa vya vita na siri hawezi kuutambua usaliti huo haraka, kwa sababu hauna gunia wala sindano ya shaba; una vikao vya jamaa na karatasi za shamba. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inafaa zaidi hapa kuliko inavyofaa kwenye hadithi za kijasusi ambamo hutumiwa kila mara.

Namna mwandishi anavyoutumia usaliti hutegemea sana wakati anaoamua kumjulisha msomaji. Katika hadithi ya Liyongo na katika *Kifo Kisimani* msomaji anajua mapema kwamba kijana amenunuliwa, na anamtazama shujaa akiendelea kumwamini; hali hiyo, ambapo hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui, ni aina ya kinaya, na nguvu yake ni kumfanya msomaji atamani kupiga kelele ndani ya kitabu. Njia ya pili ni kuificha siri. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake *A Grain of Wheat* ya mwaka 1967, anawapeleka wasomaji siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, ambapo kijiji kizima kinatafuta aliyemsaliti mpiganaji Kihika, na kinamshuku Karanja, aliyekuwa mlinzi wa upande wa serikali, huku kikimwandaa Mugo kuwa mgeni wa heshima katika sherehe. Kwa kutumia mbinu rejeshi, yaani kurudisha nyuma masimulizi ili kueleza yaliyokwisha kutokea, Ngũgĩ anafunua polepole kwamba msaliti ni Mugo mwenyewe. Mugo hakusaliti kwa tamaa ya cheo. Alisaliti kwa sababu Kihika aliingia katika upweke wake na kumtaka ashiriki vita ambavyo hakuvichagua; na anapokiri hadharani, waliokuja kumshangilia wanaachwa bila la kusema. Taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata, inakuwa hapa hukumu dhidi ya msomaji, ambaye naye alikuwa amekwisha kumnyooshea mtu mwingine kidole.

Ngũgĩ aliirudia mada hiyo kwa njia tofauti aliposhirikiana na Micere Githae Mugo, aliyezaliwa mwaka 1942 Baricho, Kirinyaga, wakati Kirinyaga ingali ndani ya wilaya ya Embu. Tamthilia yao kuhusu kesi ya Kimathi ilitoka mwaka 1976 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Katika tamthilia hiyo Kimathi anajiwa gerezani na washawishi mbalimbali, wa mali, wa siasa na wa dini, kila mmoja akimtaka ajiokoe kwa kuwatoa wenzake, na mtu anayesimamia mashtaka amepewa jina linalomkumbusha msomaji yule afisa Henderson wa kweli. Lakini sehemu nzito zaidi ipo msituni, ambako Kimathi analazimika kuwahukumu wasaliti wa kundi lake, miongoni mwao ndugu yake mwenyewe, na anapochelewa kuwaadhibu kwa ajili ya huruma, huruma hiyo inageuka kuwa mlango wa maangamizi. Inaweza kusemwa kwamba tamthilia ni kali mno katika mafunzo yake, na kwamba inawaacha wasaliti wake bila nafsi ya ndani aliyo nayo Mugo wa riwaya; hata hivyo imeuliza swali ambalo riwaya haikuuliza, yaani ni nini kinachompasa kiongozi kufanya na msaliti anayempenda.

Mashaka ya namna hiyo yamewahi kuwafikia wasomaji wa Kiswahili kutoka mbali pia. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, aliwaletea wasomaji Bruto, mtu anayemchoma kisu rafiki yake akiamini kwamba anaiokoa Roma, na ambaye hana mnunuzi dhahiri ila maneno ya Kasio na sauti ya dhamiri yake. Bruto ni mgumu kwa wanafunzi kwa sababu hawezi kuwekwa karibu na Gege wala karibu na Mugo.

Baada ya 1963 swali la usaliti liliwarudia waliokuwa wameshinda. Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Meru, alitoka msituni wakati wa uhuru na kupokewa na Kenyatta, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa serikali mpya. Baimungi Marete, Mmeru mwenzake, hakuridhishwa na namna ardhi na matunda ya vita yalivyokuwa yakigawanywa, akabaki na watu wake katika misitu ya mlima, na mwanzoni mwa mwaka 1965 akauawa na vikosi vya serikali ile aliyoipigania. Kwa wazee waliopigana, tukio hilo lilihamisha neno usaliti kutoka kwa kamatimu na kulipeleka ikulu. Francis Imbuga, ambaye alitoka magharibi mwa Kenya na si kutoka mlimani, aliuweka uhamisho huo katika tamthilia ambayo tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa *Usaliti Mjini*, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, sawa na ile ya Kimathi. Nchi ni Kafira, mtawala anaitwa Boss, na mtu wake wa karibu ni Mulili, binamu yake, askari asiye na elimu aliyepandishwa cheo kwa kazi ya kupeleka maneno na kuondoa watu. Kwa muda mrefu wa mchezo Mulili ni mkono ulioazimwa, hana tofauti na Gege. Halafu wafungwa waliokusanywa kuigiza mbele ya mgeni wa serikali wanageuza mchezo kuwa mapinduzi, wanamshikia Boss bunduki, na kumwuliza Mulili ikiwa ana neno la kumtetea bwana aliyemlisha. Mulili anasema Boss afe. Bunduki inalia, na anayeanguka ni Mulili.